Mba, vipele vya kisogoni na panja zinazorudi nyuma: nianze na lipi?

Msokoto

Wakuu, naomba mwongozo wa wanaojua, maana kila ninayemuuliza anavuta upande wake.

Nina miaka 27. Nywele ni za kipilipili. Pembeni na nyuma nakata fupi kabisa kila wiki mbili, juu naacha kama sentimita 5. Hali yenyewe:

– Mba mweupe unaowasha. Nikipaka mafuta unatulia siku moja, kisha unarudi kwa nguvu.
– Vipele vigumu kisogoni, pale nywele zinapoishia. Vinatokea siku chache baada ya kunyoa, vingine vina usaha.
– Panja zinarudi nyuma, ya kushoto zaidi. Utosini sioni tofauti.
– Nywele za juu hazivuki hizo sentimita 5, ingawa mwaka mzima hazijaguswa na mashine.

Naosha kila siku kwa sabuni ya kipande ya kuogea, halafu napaka mafuta ya mgando kichwa kizima. Nachana kwa chanuo nywele zikiwa kavu. Je, hili ni tatizo moja au manne? Na nianze na lipi?

Ngozi_Kwanza

Ni manne, mkuu, lakini mawili yanalelewa na sabuni hiyo na mafuta hayo.

Kabla ya yote tenganisha vitu viwili ambavyo maandishi ya kwenye chupa huvichanganya: ngozi na unywele. Ngozi ya kichwa iko hai, inaumwa na inatibika. Unywele ukishachomoza nje ya ngozi hauna uhai tena. Ni uzi wa protini iitwayo keratini, na uzi hautibiwi, hulindwa usichakae. Kila unachotaka kupaka, jiulize kwanza: hiki ni cha ngozi au ni cha uzi? Mafuta uliyonayo ni ya uzi, wewe unayapaka kwenye ngozi.

Anza na mba, kwa sababu ngozi inayowasha itakuvurugia hatua zote zinazofuata.

Mba si ukavu, hata kama magamba yanaonekana makavu. Kwenye ngozi ya kila kichwa wanaishi kuvu wadogo wa aina ya hamira, kwa jina la kitaalamu Malassezia. Chakula chao ni mafuta yanayotolewa na tezi za ngozi. Wakiyavunjavunja huacha asidi ya oleiki, na mwenye ngozi isiyoivumilia asidi hiyo hupata mwasho, ngozi inavimba kidogo na kuanza kujimenya haraka kuliko kawaida. Seli zinabanduka kabla ya wakati wake, zikiwa zimeshikana, ndiyo hayo magamba yanayodondokea mabegani. Ukipaka mafuta ya mimea juu ya ngozi hiyo unawaongezea chakula. Siku ya kwanza magamba hunata yasionekane, ukadhani umepona. Mafuta ya mgando yanayotokana na petroli hayawalishi, ila huyafunika magamba, jasho na mabaki ya sabuni kwa pamoja, na yakiteremka kwenye paji la uso huleta chunusi ndogo ndogo kandokando ya nywele.

Sabuni ya kipande ina pH (kipimo cha uasidi na ubesi) ya 9 hadi 10, wakati ngozi ya kichwa iko karibu na 5.5. Inanyanyua magamba ya nje ya unywele, ndiyo maana nywele zinakwaruza ukizigusa baada ya kuoga. Na kama maji yako ni magumu, yale yasiyotoa povu upesi, sabuni huungana na kalsiamu ya maji na kuacha utando mweupe ambao wengi huuhesabu kuwa mba.

Sasa tafuta shampuu yenye ketokonazoli asilimia 2. Itumie mara mbili kwa wiki, tuseme Jumatano na Jumamosi, kwa wiki 2 hadi 4, hivi:

1. Lowesha nywele kwa maji ya uvuguvugu dakika nzima. Nywele za kipilipili zikiwa na mafuta husukuma maji, juu zikaonekana zimelowa kumbe ngozi bado kavu.
2. Osha kwanza kwa shampuu ya kawaida, suuza. Dawa haipenyi mgando.
3. Gawanya nywele za juu kwa mistari mitano au sita, tia shampuu ya dawa moja kwa moja kwenye ngozi. Mililita 5 hadi 10 kwa kichwa kizima, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai. Sugua kwa nyama za vidole, kucha zisiguse.
4. Iache dakika 3 hadi 5, kwa kutazama saa. Wengi wanaosema dawa haikuwasaidia waliisuuza baada ya nusu dakika. Kuvu hawafi kwa kupitiwa na povu.
5. Suuza mpaka maji yawe safi, kisha kondishena kwenye nywele tu, si kwenye ngozi.

Siku nyingine ukioga, kichwa kipate maji matupu. Mafuta kwenye ngozi simamisha kabisa.

Mwasho ukiisha usiache ghafla. Shuka hadi mara moja kila wiki moja au mbili, na ubaki hapo. Kuvu hawa hawaondoki kichwani kwa mtu yeyote, wanadhibitiwa tu. Wiki 4 zikipita bila nafuu, badili kiungo: zinki pirithioni au seleniamu salfaidi. Hiyo ya seleniamu inaweza kubadili rangi ya mvi na ya nywele zilizopakwa rangi, kwa hiyo isuuzwe vizuri sana.

Kuna hali mbili zinazofanana na mba lakini si mba. Magamba mazito yenye rangi ya fedha, yanayovuka mstari wa nywele mpaka kwenye paji au nyuma ya masikio, na pengine yapo pia viwikoni, ni dalili za soriasisi, ugonjwa mwingine wa ngozi. Mabaka yenye nywele zilizokatika karibu kabisa na ngozi, zikaacha vitone vyeusi, hayo ni mapunye. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka, kwa sababu kuvu wake wako ndani ya unywele wenyewe. Yanahitaji dawa ya kumeza kutoka kwa daktari, na shampuu ya ketokonazoli kazi yake hapo ni kupunguza kuambukiza wengine.

Mashine_Safi

Mba umepata majibu. Mimi nabaki kisogoni, maana hapo ndipo uzembe huacha kovu la maisha.

Vipele vigumu kwenye ukingo wa nywele nyuma ya shingo, kwa mwanamume mwenye nywele zilizojisokota, mara nyingi ni hali ambayo madaktari huiita acne keloidalis nuchae. Jina lina neno la chunusi lakini si chunusi. Unywele uliojisokota ukikatwa chini mno, ncha yake kali hugeuka na kuchoma ngozi, au huanza kukua ukiwa bado umefunikwa. Mwili unaupokea kama mwiba: ngozi inavimba, inatunga usaha, inapona kwa kovu. Ukirudia kila wiki mbili, kola ya shati nayo ikisugua papo hapo, makovu yanaungana na kuwa uvimbe mgumu, na nywele za eneo hilo hazioti tena. Ukiwahi mapema, inazuilika.

Mwambie kinyozi wako mambo haya kabla hajawasha mashine:

Kisogoni asishuke chini ya milimita 3. Taja milimita, usitaje namba peke yake, kwa sababu namba za vitana vya mashine hutofautiana kidogo kwa watengenezaji. Kwa kawaida namba 1 ni milimita 3, namba 2 ni 6, namba 3 ni 10, namba 4 ni 13. Nusu ni milimita 1.5, na kwa shingo kama yako hiyo ni fupi mno. Fedi, yaani mnyoo unaofifia taratibu kuelekea chini, bado inawezekana: ianzie kwenye 3 badala ya sifuri. Haitakuwa kali kama uliyozoea, lakini kichwa kitakaa salama.

Mstari wa shingoni usipitishwe wembe wala mashine ya kuchonga. Uachwe ufifie wenyewe.

Mashine ifuate nywele zinakolala, ipite mara moja, ngozi isivutwe. Ngozi ikivutwa, unywele hukatwa ukiwa umenyanyuliwa, na ngozi ikiachiwa ncha inazama ndani. Kukandamiza mashine kunaleta matokeo hayo hayo.

Vipele vikiwa na usaha, eneo hilo lisinyolewe mpaka vitulie. Usivibinye na usichomoe nywele kwa kibanio.

Kama vipele ni vichache na havijawa vigumu, hatua hizi peke yake zinaweza kutosha. Kama tayari ni vigumu kama punje za mchele, nenda kwa daktari wa ngozi mwezi huu huu. Anaweza kukupa krimu kali ya steroidi kwa muda maalumu, antibiotiki ya kumeza, au sindano ndani ya uvimbe. Tafadhali usijinunulie krimu ya steroidi. Inapunguza unene wa ngozi, inaacha mabaka meupe, na kama kumbe ni kuvu, inawasitawisha.

Tazama pia mashine yenyewe. Ina meno mawili, la chini limetulia na la juu linakwenda huku na huku. Jino linalotembea linatakiwa kukaa nyuma kidogo ya lile lililotulia, chini kidogo ya milimita 1. Baadhi ya vinyozi huyasogeza yakawa sawa ili mstari utoke mkali. Mashine ya namna hiyo haikati tu nywele, inakwangua ngozi. Ukihisi inachoma au ina joto, mwambie asimame. Meno yanayopata joto ni makavu au butu: matone 2 au 3 ya mafuta ya mashine ikiwa inanguruma, kwa sekunde kumi hivi, halafu yafutwe.

Usafi wake una mpangilio, na mpangilio ukivurugwa kazi yote ni bure. Kwanza nywele zote zitolewe kwa burashi, pili meno yafutwe uchafu na mafuta, tatu ndipo ipakwe spiriti ya asilimia 70 na kuachwa ikauke yenyewe. Spiriti ikipakwa juu ya uchafu huishia kwenye uchafu. Ile ya asilimia 70 ndiyo inayotakiwa kuliko ya 95, kwa sababu maji yaliyomo huisaidia kuharibu protini za vijidudu, na haikauki kabla ya kufanya kazi. Vitana vya plastiki vioshwe kwa sabuni, kisha vilowekwe dakika 10 kwenye dawa ya klorini iliyochanganywa kipimo 1 kwa vipimo 9 vya maji, visuuzwe, vikauke. Klorini usiipeleke kwenye meno ya chuma, itayala.

Spiriti inayomwagwa kichwani baada ya kunyoa haisafishi mashine iliyokwisha kukukwaruza. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai kwenye kitu kikavu kwa siku 7 au zaidi. Kwa mwenye vipele vinavyotoa damu, kuwa na mashine na vitana vyako mwenyewe ni jambo la lazima.

Chanuo_Pana

Ngozi_Kwanza yuko sahihi kuhusu ngozi, ila mtu akimsoma haraka ataacha mafuta hata kwenye nywele, na nywele za kipilipili zisizo na mafuta yoyote zitakatika zaidi ya hapo. Mafuta yaondoke kwenye ngozi, yabaki kwenye ncha.

Nywele za kichwani hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, na za kipilipili kwa wastani pungufu kidogo. Kwa mwaka ungetarajia zaidi ya 8. Ukiona 5 tu, kuna mawili. La kwanza ni kwamba zimejikunja. Shika unywele mmoja, unyooshe taratibu, pima kwa rula. Nywele za kipilipili zinaweza kuonekana nusu ya urefu wake halisi, hata pungufu ya nusu. La pili ni kwamba zinakatika kwa mwendo ule ule zinaokua, na kwa maelezo yako ya sabuni ya kila siku na chanuo kavu, mimi naegemea hili.

Hakikisha hivi. Kusanya nywele zinazobaki kwenye chanuo kwa siku tatu, uziweke juu ya karatasi nyeupe. Unywele wenye kivimbe kidogo cheupe upande mmoja umetoka na mzizi wake. Huo umemaliza muda, na kumwaga nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida kwa mtu yeyote. Vipande vifupi vya urefu tofauti visivyo na kivimbe vimekatika njiani. Upotevu wa kwanza unahusu ngozi na afya ya mwili, wa pili unahusu namna unavyozishika nywele. Watu wengi hutibu upara wakati shida yao ni chanuo.

Sababu iko kwenye umbo. Unywele wa singa ukiukata na kuutazama ni karibu mviringo. Wa kipilipili umebanwa kama utepe, na kila unapojipinda pana udhaifu. Halafu mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi huteleza kirahisi kwenye unywele ulionyooka, lakini kwenye msokoto hayafiki mbali. Ndiyo maana kichwa kimoja kinaweza kuwa na ngozi yenye mafuta na ncha kavu kabisa, na mwenye kichwa hicho akakosea kote kuwili.

Kwa nywele za juu fanya hivi kila unapoosha. Baada ya kusuuza shampuu, chukua kondishena ya kutosha nywele ziteleze. Kwa sentimita 5 ni kama mililita 10. Ipake katikati mpaka nchani, iache dakika 3. Ikiwa bado imo, fungua mafundo kwa vidole, kisha kwa chanuo la meno mapana, ukianzia nchani na kupanda kidogo kidogo kuelekea kwenye ngozi. Anayeanzia chini kwenye ngozi husukuma mafundo yote yakakutana nchani, na hapo ndipo unaposikia kale kamlio ka kukatika. Suuza. Kamua maji kwa fulana ya pamba au taulo laini kwa kubonyeza, usisugue.

Nywele zikiwa bado na unyevu, matone 4 hadi 6 ya mafuta mepesi viganjani, sugua viganja pamoja, bonyeza kwenye ncha. Ukiona ngozi inang'aa umezidisha. Maji ndiyo yanayolainisha, mafuta kazi yake ni kuyazuia yasitoke upesi. Ukipaka mafuta kwenye nywele kavu umefungia ukavu ndani.

Wakati wa kulala, foronya ya satini au kitambaa laini cha kichwani. Pamba inasugua na kunyonya unyevu usiku kucha. Ncha zilizopasuka haziungwi na kitu chochote, kwa hiyo kila miezi 3 punguza nusu sentimita.

Mwenye nywele za singa anayesoma hapa asiige ratiba hii. Zake huloa mafuta upesi, anaweza kuosha kila siku au siku mbili, kondishena iende nchani tu, na achane zikiwa karibu zimekauka, maana unywele ulionyooka ukiwa umelowa hunyooka kama mpira halafu hukatika.

Utosi

Nachukua la panja.

Kwanza tuwe na uhakika kwamba zinarudi kweli. Vijana wengi mstari wao wa nywele hupanda kidogo kutoka ule wa utotoni kati ya miaka 17 na mwishoni mwa ishirini, na hapo husimama. Nyanyua nyusi mbele ya kioo. Mstari ulio kama upana wa kidole kimoja juu ya kunyanzi la juu kabisa ni wa kawaida kwa mtu mzima.

Pili, chunguza anayekuchonga. Mstari wa mbele ukichongwa kila wiki mbili na kila mara ukisogezwa nyuma milimita 1 ili utoke mnyoofu, kwa mwaka ni zaidi ya sentimita 2, bila ugonjwa wowote. Tofauti ya kushoto na kulia pia hutokea hivyo, kwa sababu kinyozi husimama upande mmoja kwa urahisi zaidi. Kaa wiki 4 bila kuchongwa mbele. Zikiota nywele nene mbele ya mstari wako wa sasa, tatizo lilikuwa mkono wa mtu. Zikiota nyembamba, laini, fupi, au zisiote, basi vifuko vya nywele vinasinyaa.

Kusinyaa huko ndiko upara wa kurithi wa wanaume. Homoni ya testosteroni hugeuzwa na kimeng'enya kuwa dihidrotestosteroni, kwa kifupi DHT. Kwa aliyerithi wepesi huo, vifuko vya panja na utosi vikikutana na DHT hufupisha kipindi cha kukua. Badala ya unywele kukua miaka 2 hadi 6 kabla ya kung'oka, unakua muda mfupi zaidi kila mzunguko, na kila unaofuata ni mwembamba kuliko uliotangulia. Vifuko vya pembeni na kisogoni havijali DHT kwa kiasi hicho, ndiyo maana wanaopandikiza nywele huzichukua kisogoni. Urithi huo hutoka pande zote mbili za ukoo, kwa hiyo kumtazama mjomba peke yake hakutoshi.

Dawa zenye ushahidi wa muda mrefu ni mbili.

Minoksidili ya kupaka, asilimia 5. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, wagonjwa wakaota nywele, na mwaka 1988 Marekani ikaidhinishwa kupakwa kichwani. Kipimo ni mililita 1 asubuhi na 1 usiku, kwenye ngozi iliyokauka. Tenganisha nywele, dondoshea kwenye ngozi, sambaza kwa kidole, nawa mikono, usiloweshe kichwa kwa saa 4. Usiku ipake saa 2 hadi 4 kabla ya kulala, vinginevyo itahamia kwenye foronya na kutoka hapo usoni, na nywele zitaota usipotaka. Kuongeza kipimo hakuongezi nywele, kunaongeza madhara. Kati ya wiki ya 2 na ya 8 nywele zinaweza kudondoka zaidi kuliko mwanzo: zile zilizokuwa zimepumzika zinasukumwa na mpya. Wengi huacha hapo, wakiamini dawa imewamaliza. Usiihukumu kabla ya miezi 4 hadi 6. Inafanya vizuri zaidi utosini, na kwenye nywele zilizokonda kuliko pale palipokwisha kuwa uwazi mtupu. Ukiiacha, ulichopata kitapotea ndani ya miezi michache. Mwenye ugonjwa wa moyo amuone daktari kwanza, na yeyote akipata mapigo ya moyo ya kasi, kizunguzungu au miguu kuvimba aiache. Paka wa nyumbani asiiguse wala asilambe ulipopaka, ni sumu kali kwake.

Finasteridi, kidonge cha miligramu 1 kwa siku, hupunguza utengenezaji wa DHT. Marekani iliidhinishwa kwa upara mwaka 1997. Hii ni ya daktari, si ya kujinunulia. Kwa baadhi ya watu hupunguza hamu na nguvu za kiume, na wapo wanaopata huzuni nzito, hata mawazo ya kujidhuru. Dalili hizo zikitokea, acha na mwambie daktari siku hiyo hiyo. Hushusha pia kipimo cha PSA cha tezi dume kwa karibu nusu, kwa hiyo anayekupima lazima ajue unaitumia. Mwanamke mjamzito asishike kidonge kilichovunjika.

Kama nywele zinatoka kichwa kizima kwa mkupuo, rudisha hesabu miezi 2 hadi 3 nyuma: homa kali, upasuaji, kupungua uzito ghafla. Hiyo kwa kawaida hutulia yenyewe ndani ya miezi 6. Kibaka cha mviringo kilicho laini na kitupu ni jambo jingine, na sehemu inayong'aa bila vitundu vya nywele ni kovu. Zote mbili ni za daktari, na ile ya pili haina muda wa kusubiri.

Msokoto

Asanteni sana wakuu, nimeelewa kosa langu la mafuta. Yamebaki matatu. Minoksidili naweza kuanza sambamba na shampuu ya mba? Kunyoa para mara kadhaa kunanenepesha nywele? Na vidonge vya biotini vina faida? Nimeambiwa pia kofia ndiyo inayoleta upara.

Ngozi_Kwanza

Usianze sambamba. Ngozi iliyovimba hufyonza dawa zaidi ya inavyotakiwa, na minoksidili ya maji mara nyingi ina propileni glaikoli ambayo yenyewe huwasha. Utashindwa kujua mwasho ni wa mba au wa dawa. Maliza kwanza wiki 4 za shampuu, na katika wiki hizo hizo usichongwe mbele, kama Utosi alivyosema. Hivyo muda mmoja unakupa majibu mawili. Ikiwa baadaye minoksidili ya maji itakuwasha, ipo ya povu isiyo na glaikoli hiyo.

Biotini husaidia aliyepungukiwa nayo, na upungufu huo ni nadra. Dozi kubwa huvuruga baadhi ya vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi ya koo na kile cha kugundua shambulio la moyo. Ukiwa unaitumia, itaje kwa mpimaji.

Utosi

Kunyoa hakunenepeshi. Unywele usiokatwa una ncha iliyochongoka. Ukiukata katikati unabaki na ncha butu, ukiota unaonekana mnene na mgumu. Kifuko chake kiko milimita kadhaa chini ya ngozi na hakijui kama juu kumepita mashine. Na kwa kisogo chako, kunyoa para ndilo jambo la mwisho kufanya.

Kofia haileti upara wa kurithi. Kinachoua mstari wa mbele ni mvuto: rasta zilizofungwa nyuma kwa nguvu, nywele zilizosukwa mpaka ngozi inauma. Ukiona vipele vidogo kwenye mizizi ya mbele baada ya kusukwa, fumua siku hiyo. Mapema nywele hurudi, mvuto ukiendelea miaka vifuko hubadilika kuwa kovu.

Kabla hujapaka chochote, piga picha nne: mbele, panja mbili na utosi. Nywele ziwe kavu, mwanga ule ule, umbali ule ule, na uwe na rula kwenye paji. Rudia kila baada ya wiki 4, usiangalie katikati.

Mashine_Safi

Ongeza ya tano, ya kisogoni, na uipige siku ya 3 baada ya kunyoa, si siku yenyewe. Vipele havionekani mara moja.